Ukali wa Kocha na Ushindi wa Mwanamichezo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano wa mwaka shuleni)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa heshima ya kusema mbele yenu. Mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu ni mafaili na mikutano, na Chuo Kikuu nilisoma uchumi, wala sikusomea ualimu wa michezo. Lakini niliikimbilia shule hii kwa miaka minne, na mwaka 1997 nilikuwa nahodha wa timu ya riadha. Nadhani hiyo ndiyo sababu iliyoifanya Kamati initeue mimi.

Mada niliyopewa ni hii: Je, kocha mkali ndiye anayemfanya mwanamichezo afikie upeo wa uwezo wake? Wote tunajua mada hii imetoka wapi. Ni miaka mingi sasa shule yetu haijatoa mkimbiaji hata mmoja wa kwenda kwenye UMISSETA ngazi ya taifa. Baadhi yetu wamependekeza tuchange fedha ili tumlipe kocha posho ya kila mwezi, na barua iliyotuzungukia ilisema kwamba anatakiwa "kocha mkali wa aina ya zamani". Niliposoma maneno hayo nilikumbuka mambo mawili kwa pamoja, moja la kunipa fahari na moja la kunipa aibu. Leo nitayasema yote mawili, maana nikisema moja tu nitakuwa nimewadanganya.

Nianze na la fahari. Mwalimu wetu wa michezo wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akitugongea mlango wa bweni saa kumi na moja alfajiri. Hakutuma kiranja, alikuja mwenyewe, na tochi mkononi. Tulikimbia hadi kwenye mlima wa tangi la maji, tukaupanda na kuushuka mara kumi, naye akiupanda pamoja nasi, mtu aliyekaribia miaka hamsini, kwa raba zilizotoboka vidoleni. Alikuwa na kaunta buku ambamo aliandika muda wa kila mmoja wetu kila siku. Aliyechelewa alichapwa. Aliyekuwa wa mwisho mlimani naye alichapwa. Maji hatukuruhusiwa kunywa mpaka mazoezi yaishe, kwa sababu, alisema, kiu humkomaza mtu.

Na tulishinda. Wenzangu wa miaka ile mnakumbuka kombe la mbio za kupokezana vijiti lililokaa kwenye kabati la ofisi ya Mkuu wa Shule. Mimi niliyekuja hapa kutoka kijijini, sijui hata kufunga kamba za viatu vya michezo, nilijifunza kwa mwalimu yule kuamka kabla ya jua, kutimiza nililoahidi, na kutokata tamaa katikati ya mlima. Mambo hayo yamenifaa Chuo Kikuu na kazini. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ukali hauna faida yoyote, siwezi kumkubalia.

Sasa la aibu. Mwenzetu mmoja, ambaye leo yumo humu ukumbini na ameniruhusu niseme habari zake bila kumtaja jina, alikuwa mkimbiaji bora kuliko sisi sote katika mita 1,500. Mwaka ule wa 1997, majuma matatu kabla ya mashindano ya mkoa, alianza kuumwa ugoko wa mguu wa kushoto. Mwanzoni aliumwa akikimbia tu. Baadaye akawa anaumwa hata akitembea, na usiku alikuwa akijikanda kwa maji moto ya chumvi chini ya kitanda ili asionekane. Mimi nilimwona, maana vitanda vyetu vilikuwa jirani. Usiku mmoja aliniomba, mimi nahodha, niende nikamwambie mwalimu. Nilimjibu: "Vumilia, ndugu yangu. Yamebaki majuma mawili."

Kwa nini nilimjibu hivyo? Kwa sababu niliogopa. Aliyesema anaumwa aliitwa mvivu mbele ya timu nzima, na nahodha aliyemtetea mvivu alihesabiwa mvivu mwenzake. Halafu nilitaka kombe.

Siku ya mashindano alikimbia mizunguko miwili akiwa wa kwanza. Katika mzunguko wa tatu, kwenye kona, mguu ulivunjika. Alipofikishwa hospitali daktari alitueleza kwamba mfupa ule ulikuwa na ufa tangu zamani, ufa unaotokana na kukimbia mno bila kupumzika, na kwamba laiti angepumzishwa majuma sita au manane mfupa ungejiunga wenyewe. Alifungwa plasta ngumu kuanzia kwenye paja hadi kwenye vidole. Hakukimbia tena mashindano yoyote.

Mwalimu alikuja wodini jioni ile. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Mwanangu, mbona hukuniambia?" Mwenzetu hakujibu, nami niliyesimama pale sikujibu. Nilimwona mwalimu akilia. Sijapata kulisahau swali lile, kwa sababu aliuliza kwa dhati. Hakujua kweli. Mtu aliyeandika kila sekunde yetu katika kaunta buku alikosa habari moja tu, na ndiyo iliyokuwa ya maana kuliko zote.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini yafaa tuwaulize wahenga wetu swali la pili: ni nani aliyemfundisha mgonjwa kuficha? Ndugu zangu, mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya. Alitupenda kuliko walimu wengi waliotuacha tulale hadi saa moja. Kosa lake ni kwamba kwa fimbo na maneno alijenga ukuta baina yake na habari alizozihitaji. Katika utumishi wangu nimeyaona hayo hayo maofisini. Mkubwa wa kazi anayewafokea walio chini yake huletewa taarifa nzuri kila Ijumaa, mpaka siku daraja linapoanguka ndipo anapouliza mbona hakuambiwa.

Hapo ndipo ninapotaka tutofautishe mambo mawili ambayo barua ile iliyachanganya. Upo ukali wa kazi, na upo ukali kwa mtu. Ukali wa kazi ni mlima wa tangi mara kumi. Ukali kwa mtu ni fimbo, ni tusi, ni kumnyima maji, ni kumwita mgonjwa mvivu. Tulipokuwa wanafunzi tulivipata vyote viwili kwa mkono mmoja, ndiyo maana wengi wetu mpaka leo tunadhani haviachani. Tulishinda, nasi tulichapwa, basi tukasema tumeshinda kwa kuwa tulichapwa. Kwa hakika nadhani tulishinda kwa sababu ya mlima, na kwa sababu ya mtu mzima aliyeupanda pamoja nasi.

Tuangalie mifano ya wakubwa. Filbert Bayi wetu, tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuvunja rekodi ya dunia. Wazee mliosikiliza redio siku zile mnajua alivyokimbia: aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, na John Walker wa New Zealand akimfuata nyuma. Mkimbiaji wa namna hiyo hana mtu wa kumtazama mbele yake. Kocha yuko jukwaani, na sauti yake haifiki. Katika mzunguko wa mwisho mwanamichezo hubaki na kile alichokuwa nacho mwenyewe moyoni. Kijana aliyezoea kukimbia kwa kuogopa fimbo iliyo nyuma yake, siku fimbo isipokuwapo atakimbilia nini?

Wengine watanitajia John Stephen Akhwari. Mwalimu wetu naye alimtaja kila Jumamosi. Mwaka 1968 kule Mexico City, katika marathoni ya Olimpiki, Akhwari alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea kuchechemea hadi akaingia uwanjani giza likiwa limetanda, akiwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Dunia nzima inamheshimu, nami namheshimu. Lakini tuikumbuke habari yake yote. Akhwari alikuwa mtu mzima aliyeamua mwenyewe, siku moja, katika mashindano makubwa kuliko yote maishani mwake, na hakuna aliyemtishia. Baadaye alipona, akakimbia tena kwa ajili ya Tanzania. Uvumilivu wa mtu anayejua anachokifanya si sawa na ukimya wa mtoto wa miaka kumi na saba anayeogopa kusema mguu unamuuma.

Twende kwa jirani zetu Kenya. Mwaka 1976 alifika Iten, katika shule ya sekondari ya St. Patrick's, mtawa wa Kiayalandi aitwaye Brother Colm O'Connell. Alikuja kufundisha jiografia, wala hakuwa amepata kuwa kocha wa riadha. Kwa kuwa hakujua, alilazimika kuwatazama vijana na kuwasikiliza. Hajulikani kwa kupiga kelele wala kwa kutisha. Mmoja wa wanafunzi wa shule ile, Peter Rono, alipata nishani ya dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Naye David Rudisha, aliyelelewa na Brother Colm tangu ujana wake, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012, akiongoza tangu mwanzo kama Bayi wetu, na kuwa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 1 na sekunde 41. Basi upole wa kocha haukuwazuia vijana wale kuwa simba uwanjani.

Lakini asije mtu akadhani kwamba upole maana yake ni ulegevu. Mtazameni Eliud Kipchoge na kocha wake Patrick Sang, ambaye mwenyewe alipata nishani ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Barcelona, mwaka 1992. Kule kambini Kaptagat watu huamka alfajiri, hukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa juma, na hata bingwa wa Olimpiki hupangiwa zamu ya kusafisha choo. Huo ni ukali wa kazi, tena mkubwa kuliko wa mlima wetu wa tangi. Mwaka 2012 Kipchoge alishindwa kupata nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki. Kocha wa kutukana angemwita mzee aliyekwisha. Wao waligeukia marathoni, na mwaka uliofuata akashinda Hamburg. Kisha zikaja dhahabu mbili za Olimpiki, ya Rio mwaka 2016 na ya michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Na tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi kwa sababu ya namna alivyopangiwa wasindikizaji.

Mfano wa mwisho ni wa Japani, nchi inayosifiwa kwa nidhamu. Baada ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012, wanawake 15 wa timu ya taifa ya judo walipeleka malalamiko kwamba walikuwa wakipigwa makofi, wakichapwa kwa fimbo za mwanzi na kutukanwa mazoezini. Kocha wao mkuu alijiuzulu mapema mwaka 2013. Timu ile iliyochapwa ilikuwa imepata dhahabu moja tu London. Mwaka 2021, nyumbani kwao Tokyo, wanawake wa Japani walipata dhahabu nne za judo. Sisemi kwamba kuondoa fimbo peke yake ndiko kulikoleta dhahabu nne. Kucheza nyumbani nako kuna faida yake. Ninachosema ni kwamba fimbo ilipotoka, ushindi haukutoka nayo.

Tena, nisiwafiche, nimeuona pia upande wa pili. Baada ya ajali ya mwenzetu, michezo alikabidhiwa mwalimu mwingine, mtu mwema sana, ambaye hakudai lolote. Uliyefika saa kumi na mbili sawa, usiyefika sawa. Hakuandika muda wala hakuupanda mlima. Niliporudi kuwatembelea mwaka uliofuata nilikuta timu haikuvuka hata ngazi ya wilaya, na vijana wenye vipaji walikuwa wamekaa chini ya mwembe. Huko nako ni kuwadhulumu watoto. Kijana asiyedaiwa kitu huona kwamba hakuna anayemtarajia kufika popote.

Kwa hiyo jibu langu kwa Kamati ni hili. Tumtafute kocha anayedai kazi ngumu, na tumlipe vizuri. Lakini kabla mfuko haujafunguliwa, naomba tukubaliane masharti matatu, nayo yaandikwe katika mkataba wake.

Kwanza, fimbo, matusi na kunyimana maji visiwe sehemu ya mazoezi. Jasho lililotoka lazima lirudishwe. Kiu haimkomazi mtu, humpunguzia nguvu na yaweza kumwangusha.

Pili, kila juma liwe na siku ya kupumzika, na ratiba ieleze ni kwa nini siku fulani ni ya mlima na siku fulani ni ya mbio nyepesi. Mwili hujengeka wakati wa kupumzika baada ya kazi. Mwanafunzi akijua sababu ya zoezi atalifanya hata kocha akiwa amesafiri.

Tatu, na hili ndilo ninalolitilia mkazo, kaunta buku ya kocha iwe na mistari miwili kwa kila mkimbiaji. Wa kwanza uandikwe muda wake. Wa pili uandikwe jibu la swali: "Mwili wako ukoje leo?" Na yeyote atakayejibu kwamba anaumwa apelekwe zahanati, asisimamishwe mbele ya wenzake kwa aibu. Swali ambalo mwalimu wetu aliliuliza wodini, sisi tuliulize uwanjani, kila asubuhi, kabla mfupa haujavunjika.

Wadogo zangu wanafunzi, nanyi mna wajibu wenu. Msichukue maneno yangu kuwa kibali cha kulala. Maumivu ya misuli iliyofanya kazi mtayapata, na ni lazima myazoee. Lakini maumivu yanayokaa mahali pamoja, yanayoongezeka kila siku na kukuamsha usiku, hayo si ya kuvumiliwa. Ni ya kusemwa. Na wewe nahodha, mwenzako akikuomba umsemee, msemee. Usimwambie yamebaki majuma mawili. Mimi nilisema hivyo, na sasa ni zaidi ya miaka ishirini na mitano bado nayasikia maneno yangu.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie na jambo dogo. Leo asubuhi nilipitia uwanjani kabla ya chai. Niliwakuta vijana wakikimbia, na mmoja wao, wa kidato cha pili nadhani, alikuwa akibaki nyuma kila wanapopinda kona na kuinama kushika ugoko. Nilimwita, nikamwuliza mguu una nini. Alisimama wima kama askari, akasema: "Shikamoo. Hamna kitu." Sikumlazimisha mbele ya wenzake. Nilimwendea Mkuu wa Shule, naye ameniahidi kwamba kesho kijana huyo atapelekwa hospitali kupigwa picha ya mguu. Gharama nitalipa mimi. Naomba jambo hilo lihesabiwe kuwa mchango wangu wa kwanza katika mfuko wa kocha, na michango mingine itafuata.

Na wewe mwenzangu uliyekaa safu ya nne, nakushukuru kwa kuniruhusu kusema. Ulistahili kusemewa mwaka 1997.